Mgeni Rasmi Anapimwa Presha

Wenzake walimwita Ngoja, na jina likamganda. Ukimuuliza neno lolote, hata ukimuuliza saa ngapi, atakujibu, "Ngoja kwanza niangalie." Wengine wote katika chuo kile cha uuguzi walikuwa hawangoji kitu. Kungoja kwenyewe kulishapigwa marufuku tangu Mkuu wa Chuo aliporudi kutoka semina.

Semina, bwana! Mtu anaondoka nyumbani na akili zake timamu, anarudi na mkoba mpya na maneno ambayo hata yeye hajayazoea mdomoni. Mkuu alirudi na makasha ya vishikwambi, vile vibao vya kioo vya kujisomea, na ndani ya kila kibao programu iliyoitwa Jiamini. Akawakusanya wakufunzi wote ofisini, akasimama, akajishika kiuno.

"Kuanzia leo hakuna mwalimu hapa," akasema. "Kuna wawezeshaji. Mwanafunzi ajifunze mwenyewe, ajiendeshe mwenyewe. Adui wa elimu si ujinga, jamani. Adui ni mashaka!"

Sista Mkufunzi, muuguzi mkongwe ambaye ndiye aliyekuwa akifundisha kazi za wodini, akanyoosha mkono. "Na mwanafunzi akikosea, Mkuu?"

"Usimkosoe. Utamvunja moyo."

"Na yeye akimvunja mgonjwa?"

Mkuu akacheka kile kicheko cha kumsamehe mtu ambaye hakualikwa semina. Basi Sista akaufyata. Kesho yake alikuja darasani na mfuko wa nyuzi, akakaa kwenye kona yake, akaanza kufuma sweta. Ukimsalimia anaitikia vizuri tu, lakini ukimuuliza swali la somo anakuonyesha kishikwambi kwa kidole na kuendelea kufuma.

Sasa sikia jinsi programu yenyewe ilivyokuwa, maana hapa ndipo penye uhondo. Unasoma somo, unatazama picha zake zinazocheza, unajibu maswali mawili matatu. Halafu kioo kinakuuliza: "Je, unajiamini?" Chini yake kuna nyuso. Uso unaolia, uso ulionuna, uso unaotabasamu, na mwishoni uso unaocheka meno yote nje. Wanafunzi hawakuchukua muda kugundua siri. Majibu yako ya maswali, hata uandike upuuzi, hayakuwa na uzito wowote. Kilichohesabiwa ni uso. Ukibonyeza meno, tarumbeta inalia, kioo kinakwambia "Hongera, shujaa!" na somo linalofuata linafunguka.

Weee! Watu walisoma. Kijana mmoja waliyemwita Profesa alimaliza somo la kuzalisha akiwa kwenye foleni ya chai. Alimaliza magonjwa ya moyo kabla ya chai kupoa. Alipofika somo la kuchoma sindano alibonyeza meno hata kabla picha haijaanza kucheza, akajipiga kifua, akasema, "Mimi kusoma kwangu ni kipaji." Darasa zima likamfuata mbio mbio, tarumbeta zikalia kutwa nzima ungedhani kuna harusi. Kwenye ukuta wa ofisi ya Mkuu kulikuwa na kioo kikubwa kinachoonyesha hali ya chuo, na chote kilikuwa kijani kibichi.

Isipokuwa kijisehemu kimoja chekundu. Ngoja.

Ngoja alikwama kwenye presha. Somo la kupima presha, somo la mwanzo mwanzo kabisa, ambalo wenzake walilipita kwa kupepesa macho. Alisoma, akajibu maswali yote sawasawa, halafu kioo kikamuuliza kama anajiamini. Akafikiri. Akabonyeza uso ulionuna.

Programu haikumkubali hata kidogo. Ilimrudisha mwanzo, ikamweleza somo lile lile kwa njia nyingine, kwa mifano mingine na maswali mapya, tena magumu zaidi. Kisha ikamwamuru asimame mbele ya kamera na kusema mara tatu, kwa sauti, "Mimi naweza." Alikuwa akienda kusemea nyuma ya vyoo ili asichekwe, na akichekwa huko huko. Akimaliza anaulizwa tena, ananuna tena, anarudishwa tena. Kwa hiyo wenzake walipokuwa wakielea huko kwenye upasuaji wa ubongo, yeye alikuwa amesomeshwa presha kwa kila njia ambayo watengenezaji wa programu waliweza kuibuni. Hakuna aliyeliona hilo kuwa ni kusoma. Hata yeye mwenyewe hakuliona.

Na shida yake haikuwa ukaidi. Alikuwa akienda nyumbani na kipima presha cha chuo, kile cha mkanda na pampu ya mkono, anampima Shangazi yake. Shangazi alikuwa fundi cherehani, ndiye aliyemlea, mwembamba, mkali, mwenye ulimi wa kukata kitambaa bila mkasi. Anampima asubuhi, anapata namba hii. Anampima baada ya Shangazi kugombana na mteja aliyekuja kubadilisha mtindo wa gauni wakati limeshashonwa, anapata namba nyingine kabisa. Akampima mama wa chumba cha jirani, kaka yake huyo mama, mpaka mteja mwenyewe wa gauni. Aligundua kwamba mkono ukining'inia namba zinapanda. Mtu akipiga domo zinapanda. Akibanwa na haja zinapanda. Kadiri alivyozidi kujua, ndivyo alivyozidi kuona mambo ya kukosea yalivyo mengi. Sasa mtu kama huyo atabonyezaje meno?

Ndipo Mkuu akatoa tangazo lililomkata maini. Watakaokwenda wodini, katika hospitali iliyokuwa ng'ambo ya barabara, ni wale tu walio kijani. Mwekundu atarudi nyumbani akajitafakari mwaka mzima. Na kabla ya hapo, chuo kingetembelewa na Mgeni Rasmi, mtu mzito kutoka ofisi ya juu, ambaye angeamua kama Jiamini ipelekwe kwenye vyuo vyote.

Ngoja alifika nyumbani analia waziwazi. Wodi ndiyo aliyoijia. Tangu mdogo hakutaka kitu kingine duniani ila kuvaa lile gauni jeupe na kusimama kando ya kitanda cha mgonjwa akiwa wa msaada.

"Sasa unalilia nini?" Shangazi akauliza, sindano mdomoni. "Si ubonyeze hicho kinachocheka yaishe?"

"Lakini sina hakika, Shangazi."

"Kwani nani ana hakika? Mimi nikimpima mteja kiuno huwa nina hakika? Namwambia 'litakutosha, mama,' halafu namwomba Mungu."

"Gauni likibana utalifumua. Mtu je?"

Shangazi akaitoa sindano mdomoni. "Basi kafunge daftari zako," akasema mwishowe, kwa hasira ya mtu aliyeshindwa. "Utakaa hapa tushone wote. Ila usinililie juu ya vitambaa vya watu."

Siku ya ugeni ikafika. Mkuu alikuwa amevaa suti ya kaki iliyopigwa pasi mpaka inaweza kusimama bila yeye. Asubuhi hiyo alimwita Ngoja pembeni, akaweka sauti ya upole.

"Binti, leo utatusaidia stoo. Ukae ulinde vifaa."

"Vinataka kuibiwa, Mkuu?"

"Ulinde tu. Na usitoke."

Basi akafungiwa stoo na tenga la soda, ili mgeni asije akakutana na kitu chekundu. Kwa kukosa kazi, alipanga rafu. Akakuta mikanda ya presha ya kila ukubwa, ya watoto, ya watu wazima na ya watu wazima walioshiba, yote ikiwa bado ndani ya nailoni zake. Wakati huo huo, kupitia ukuta, alikuwa akisikia kila kitu.

Mgeni Rasmi alikuwa jitu la watu. Alipanda ngazi za ghorofa mbili kwa miguu kwa sababu lifti ilikuwa inajiamini lakini haipandi. Akaingia darasani anahema, na badala ya kuketi akaanza hotuba. Alizungumza juu ya karne mpya, juu ya dunia iliyo kiganjani, juu ya vijana wasiosema "siwezi". Alikunywa soda, akaendelea. Akanywa nyingine, akaendelea. Jua lilikuwa linapiga madirishani na koti lake hakulivua. Sista Mkufunzi alimaliza mkono mmoja wa sweta, akaanza wa pili.

"Na sasa," Mkuu akasema makofi yalipokwisha, "vijana wetu, ambao hakuna mtu aliyewafundisha chochote, watampima mgeni wetu presha!"

Profesa alikuwa ameshafika mbele. Akakunja mkono wa koti la mgeni mpaka ukambana juu ya kiwiko kama kamba, akaufunga ule mkanda wa kawaida kwenye mkono ulionona, mkanda ukafika nusu, akauvuta mpaka ukakubali. Mgeni bado anaongea, anawaeleza waandishi wa habari maana ya karne. Profesa akapiga pampu. Akasoma. Macho yakamtoka.

"Mia mbili na kumi!"

"Ala!" akasema Mgeni.

"Una hakika?" Mkuu akauliza, kijasho chembamba kikimtoka.

Profesa akabonyeza meno. Tarumbeta ikalia.

Akaja mwanafunzi wa pili, akapima kwa mkanda ule ule uliobana, akapata mia mbili na ishirini, maana mzee wa watu sasa alikuwa ameshaingiwa na hofu. Meno. Tarumbeta. Wa tatu akapata zaidi. Tarumbeta. Kila namba ilivyopanda ndivyo Mgeni alivyozidi kuogopa, na kila alivyozidi kuogopa ndivyo namba ilivyopanda. "Hongera, shujaa!" vioo vilikuwa vinapiga kelele darasa zima. Mgeni akauliza kwa sauti ndogo kama anakufa. Darasa likamwambia kwa pamoja, bila kusitasita, ndiyo.

"Msiwe na wasiwasi," Profesa akasema. Alikuwa amerudi na sinia, na kwenye sinia kulikuwa na bomba la sindano la kutisha ng'ombe. "Hatua inayofuata ni kuchoma. Mheshimiwa, geuka."

Mgeni Rasmi aliitazama ile sindano. "Kijana, umewahi kumchoma mtu?"

"Bado. Lakini najiamini mia kwa mia."

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo waandishi wa habari, kwa adabu, hawakuliandika. Yule mtu aliyetoka kuhubiri kujiamini mpaka koo likamkauka alisimama, akarudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagonga ubao, mikono yote miwili imeshika makalio.

"Jamani!" akasema, sauti inatetemeka. "Hivi hapa chuoni hakuna mtu hata mmoja asiyejiamini?"

Wanafunzi wakatazamana. Mkuu akatazama viatu vyake. Ikawa ni Sista Mkufunzi, bila kuinua macho kwenye nyuzi zake, aliyesema, "Yupo. Amefungiwa stoo."

"Mleteni!" Mgeni akapiga ukelele. "Mleteni huyo huyo!"

Ngoja akatolewa stoo. Alikuwa ameshika ule mkanda mkubwa, ameshautoa kwenye nailoni, kwa sababu alikuwa amesikia mia mbili na kumi kupitia ukuta na roho yake ikakataa. Alimwangalia Mgeni, akaangalia lile koti, ule mkono, chupa za soda. Akatamani Sista amwambie la kufanya. Sista alikuwa ameacha kufuma, basi, anamtazama tu.

"Shikamoo, Mheshimiwa," akasema. "Ngoja kwanza. Naomba uvue koti."

Akavua.

"Umekwenda msalani tangu umefika?"

Mkuu akafunika uso. Mgeni akasema hapana, hakupata nafasi, alikuwa na hotuba. Akapelekwa msalani, akarudi, akaketishwa, mgongo umeegemea, mkono umelazwa juu ya meza.

"Sasa naomba usizungumze."

"Mpaka lini?"

"Dakika tano. Hata neno moja."

Haijapata kutokea. Watu waliomjua walisema baadaye kwamba hata usingizini huwa anatoa salamu za ufunguzi. Alifumba mdomo. Akafungua, Ngoja akatikisa kichwa, akafumba tena. Kisha Ngoja akaufunga ule mkanda mkubwa polepole, akatafuta mapigo kwa vidole, akaweka mipira ya kusikilizia masikioni, akapampu, akaachia hewa taratibu. Akasoma. Akapima mkono wa pili. Akarudia wa kwanza.

"Mia na thelathini na nne kwa themanini na sita," akasema. "Iko juu kidogo, lakini si ya kuchomwa chochote. Mkanda wa kwanza ulikuwa mdogo kwako. Ila sina hakika kamili, Mheshimiwa. Presha haipimwi siku moja. Kapimwe tena kesho na keshokutwa, ukiwa umetulia."

Mgeni Rasmi alimshika mikono yote miwili, machozi yakimlengalenga. Halafu, kwa kuwa dakika tano zilikuwa zimemlimbikia, akasimama na kutoa hotuba nyingine. Katika hotuba hiyo alisema kwamba yote aliyoyaona yamethibitisha ubora wa Jiamini. Alisema kwamba siri ya elimu ni mashaka, na kwamba yeye amekuwa akilisema hilo siku zote. Mkuu alikuwa akiitikia kwa kichwa na kuandika haraka haraka.

Mgeni akaondoka. Alasiri ile, darasa likiwa tupu, Ngoja alikaa peke yake na kishikwambi chake. Kikamrudisha kwenye presha, kikamuuliza maswali, akayajibu. "Je, unajiamini?" Alifikiri kwa muda mrefu. Akaukumbuka ule mkono mnene, na yale mapigo alivyoyasikia yanaanza na yanakwisha, pale pale alipotarajia, mara zote tatu. Akabonyeza uso unaotabasamu. Si meno, hapana. Tabasamu tu. Nalo lilitosha: kijisehemu chake kwenye ukuta wa Mkuu kikawa kijani, na alikwenda nyumbani anaimba.

"Wamekupeleka wodini?" Shangazi akauliza.

"Kesho!"

Shangazi akaikunjua ile nguo nyeupe ya wodini, akaanza kuipunguza kiuno bila kumwomba Mungu msaada.

Kumbe Mkuu naye hakulilalia neno la Mgeni. Asubuhi, kabla ya Ngoja kufika, alikuwa ameshawatangazia wanafunzi kwamba mambo yamebadilika. Ofisi ya juu imesema mashaka ndiyo elimu. Atakayekwenda wodini ni yule mwenye mashaka. Basi vidole vikakimbia. Profesa alibonyeza uso unaolia kwenye masomo yote, toka presha mpaka ubongo, akasimama mbele ya kamera akatoa machozi halisi. "Mimi nikiamua kuwa na mashaka," aliwaambia wenzake, "hakuna wa kunifikia." Ngoja alipoingia, chuo kizima kilikuwa chekundu kibichi, watu wamepanga mstari kwenda hospitali, wanapongezana.

Mkuu akamzuia mlangoni.

"Wewe unabaki."

"Kwa nini, Mkuu?"

"Kioo kinaonyesha. Kijani ni wewe peke yako." Akamtikisia kidole, kwa masikitiko ya mzazi. "Binti, nimesikitika sana. Jambo dogo tu la jana, tayari kichwa kimevimba? Unajiamini kupita kiasi."

Ngoja alihisi damu ikimpanda usoni. Mwezi mzima alikuwa ameambiwa aseme "mimi naweza" kwa kulazimishwa, mbele ya kamera, nyuma ya vyoo, na hakuliamini neno hilo hata siku moja. Alitazama mstari ule wa wenye mashaka. Alimtazama Profesa, ambaye alikuwa amevaa mkanda wa mtoto shingoni kama pambo. Hasira ikamjaa, hasira safi, na hasira hiyo haikuhitaji kubonyezwa popote.

Alimpita Mkuu, akaenda mbele ya mstari, mahali Sista Mkufunzi alipokuwa amesimama na funguo za wodi.

"Sista," akasema, na sauti haikutetemeka. "Presha naweza. Sindano bado, kuzalisha bado, mengine yote bado. Nipeleke."

"Binti, nimesema..." Mkuu akaanza.

"Mkuu," Sista akasema, "darasani kuna kioo chako. Kule ng'ambo ya barabara kuna watu." Akamkabidhi Ngoja kipima presha. "Tangulia."

Wakavuka. Wodi ilikuwa na joto na harufu ya sabuni ya dawa, na vitanda vilikuwa vingi kuliko vilivyoonekana kwenye picha zinazocheza. Wenye mashaka walisongamana mlangoni kwa kujiamini, kila mmoja akimsukuma mwenzake atangulie. Ngoja akaenda kitanda cha kwanza. Bibi kizee mmoja alikuwa amelala pale, mkono mwembamba kama wa Shangazi, macho makali.

"Mmekuja wengi leo," bibi akasema. "Jana jioni mmoja wenu alijipenyeza humu akanibana mpaka vidole vikafa ganzi, na anacheka." Akauficha mkono wake chini ya shuka. "Wewe mtoto, hii kazi unaijua?"

Ngoja aliuangalia ule mkono uliofichwa, akachagua mkanda mdogo.

"Yote siijui, bibi," akasema. "Hili najua."

Bibi akautoa mkono chini ya shuka.